Mlipuko wa angani uliokataa kuzima

Kwa desturi huwaka sekunde chache na kutoweka. Ule wa Julai 2025 uliwaka kutwa, na wataalamu bado wanabishana ni kitu gani hasa kilichokufa huko juu.

ILIKUWA Jumatano, Julai 2, 2025. Hapa Afrika Mashariki saa kumi za alasiri zilikuwa zimepita kidogo, watoto wanatoka shuleni na matatu zinaanza kujaa, wakati setilaiti ya Kimarekani iitwayo Fermi ilipopiga kengele. Miale ya gama ilikuwa imeingia ghafla kutoka upande wa kundi la nyota la Scutum, yaani Ngao.

Hapakuwa na la ajabu katika hilo. Fermi, iliyorushwa mwaka wa 2008, hunasa milipuko ya aina hii mara kadhaa kwa wiki. Huwaka, huzima, na kompyuta huandika rekodi na kusubiri mwingine. Lakini siku hiyo haikupita saa moja kabla ya kengele kulia tena. Usiku ulipoingia ikalia mara ya tatu, na mara zote tatu miale ilitoka sehemu ile ile ya anga.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kukuna vichwa. Mlipuko wa gama ni kilio cha kitu kinachokufa, na kitu hicho huharibika kabisa katika kulipuka kwake. Ni kama fataki: ukishaiwasha, imekwisha. Nyota haifi mara tatu kwa siku moja.

Wenye kazi hii huipa milipuko majina yanayofanana na nambari za usajili wa magari. Huu unaitwa GRB 250702B. Herufi tatu za mwanzo ni kifupisho cha jina la Kiingereza la milipuko ya gama, kisha hufuata mwaka, mwezi na siku, na mwishoni herufi ya kuutofautisha na mingine ya siku hiyo. Kwa kuwa mitambo ilidhani ni milipuko mitatu tofauti, ulipewa majina matatu kabla ya binadamu kukaa chini na kutambua kwamba ulikuwa mmoja tu. Walipopiga hesabu waliona kwamba miale yake iliendelea kuja kwa muda wa saa saba au zaidi. Tangu binadamu aanze kuichunguza milipuko hii, hakuna mwingine wa gama uliowahi kurekodiwa ukidumu hivyo.

Isitoshe, setilaiti ya Kichina iitwayo Einstein Probe, iliyorushwa Januari 2024, ilipokagua rekodi zake ilikuta kwamba mahali hapo palikuwa pameanza kutoa eksirei karibu siku nzima kabla ya kengele ya kwanza ya Fermi.

WAPELELEZI WA BOMU

Miale ya gama ni ya ukoo mmoja na mawimbi ya redio, mwanga tunaouona na eksirei za hospitalini, ila yenyewe ndiyo yenye nguvu kupita zote. Madaktari huitumia kuunguza saratani. Hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie kutoka angani, jambo la kushukuru, lakini maana yake ni kwamba anayetaka kuiona lazima apandishe mitambo juu ya hewa hiyo.

Waliotangulia kuiona hawakuwa wakitafuta nyota. Mwaka wa 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya bomu la nyuklia hewani, baharini na angani. Kutia sahihi ni kitu kimoja na kuaminiana ni kingine. Marekani ilirusha setilaiti zilizoitwa Vela, mbili mbili, zilinde anga kuona kama kuna atakayelipua bomu kisirisiri. Bomu la nyuklia hutoa miale ya gama, kwa hivyo Vela zikapewa vifaa vya kuinusa.

Julai 2, 1967, zilinasa mmweko usiofanana na wa bomu lolote. Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos waliendelea kukusanya mingine. Kwa kulinganisha muda ambao miale iliifikia kila setilaiti, waliweza kukadiria ilikotoka, wakaona haikutoka duniani wala kwenye jua. Mwaka wa 1973 walitangaza milipuko 16.

Msomaji mwangalifu ameiona tarehe. Mlipuko wa kwanza kabisa ulinaswa Julai 2, na huu wa ajabu ukaja miaka 58 kamili baadaye, tarehe ile ile. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Mwaka wa 1991 Marekani ilirusha setilaiti kubwa iliyoitwa Compton, ambayo hadi ilipoangushwa baharini mwaka wa 2000 ilikuwa imehesabu zaidi ya milipuko 2,700. Rekodi zake zilionyesha kwamba milipuko hutoka kila upande wa anga bila upendeleo. Mwaka wa 1993 Chryssa Kouveliotou na wenzake walionyesha pia kwamba iko ya namna mbili, mpaka ukiwa kama sekunde mbili.

Ile mifupi, isiyofika sekunde mbili, hutokea nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Hizo ni masalio ya nyota zilizokufa, vitu vizito kama jua letu vilivyoshindiliwa vikatoshea ndani ya mji mmoja. Mgongano wa namna hiyo ulithibitishwa Agosti 17, 2017. Ile mirefu, ambayo kwa kawaida huchukua makumi ya sekunde au dakika chache, hutokea nyota kubwa mno inapoishiwa na nishati. Kiini chake huporomoka na kuwa shimo jeusi, na shimo hilo likianza kumeza nyota kutoka ndani hutapika mishale miwili ya mata inayokwenda karibu kwa kasi ya mwanga. Mshale mmoja ukiwa umeelekezwa kwetu, tunaona mlipuko wa gama.

Muda wa mlipuko, basi, ni muda wa mlo. Shimo jeusi likiwa linakula, mshale unawaka. Chakula kikiisha, unazima. Kiini cha nyota ya kawaida ya aina hiyo huanguka na kumezwa upesi, na ndiyo sababu milipuko mingi haizidi dakika chache. Mlo wa saa saba unahitaji maelezo mengine.

NGOMENI YAINGIA

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua milipuko hii iko umbali gani. Wengine walidhani iko jirani, wengine wakasema iko mwisho wa ulimwengu. Jibu lilipatikana mwaka wa 1997, na sehemu ya njia liliyopitia ni pwani ya Kenya.

Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano wana kituo cha anga chenye jina la Luigi Broglio. Wazee wa huko wanaikumbuka mihimili ya San Marco iliyosimama baharini, ambako Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, iliitwa Uhuru. Sijui ni wanafunzi wangapi wa Malindi wanaofundishwa kwamba jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, lakini nina hofu kwamba si wengi.

Mwaka wa 1996 Italia ikishirikiana na Uholanzi ilirusha BeppoSAX. Hiyo haikuondokea Ngomeni, bali ilizunguka juu ya ikweta na kila ilipomaliza mzunguko ilishusha rekodi zake kwenye antena za Malindi. Februari 28, 1997 ilinasa mlipuko wa gama, na saa chache baadaye ikaelekeza darubini yake ya eksirei mahali pale. Ilikuta kitu kama makaa ya moto uliozimika, yanayofifia polepole. Tangu hapo darubini za kawaida zilijua mahali pa kuangalia. Miezi michache baadaye, kwa kuchunguza makaa ya mlipuko mwingine, ilibainika kwamba mwanga wake ulikuwa umesafiri mabilioni ya miaka.

Marekani ilijifunza hapo, na Novemba 2004 ikarusha Swift, kwa ushirikiano na Uingereza na Italia. Jina hilo ni la ndege afananaye na mbayuwayu, anayekamata wadudu akiwa angani. Setilaiti hii nayo hugeuka ghafla, na kwa muda wa dakika moja hivi inaweza kuwa imeukabili mlipuko. Taarifa za dharura hupitishwa kwenye setilaiti nyingine za kupokezana habari, lakini shehena kubwa ya rekodi zake ilipangiwa kushushwa Malindi, ndipo zipelekwe kwa waongozaji wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania.

ASKARI ANAYEZUNGUKA NYUMBA

Kuona mlipuko mrefu ni kazi ngumu kuliko kuona mfupi, ingawa mtu angedhani ni kinyume chake.

Kwanza, miale ya gama haipindwi na lenzi kama mwanga wa kawaida, hupenya tu. Kwa hivyo Swift hutumia kivuli. Juu ya mtambo wake pana kifuniko cha vigae 52,000 vya risasi vilivyotawanywa ovyo kwa makusudi, na chini yake vitambuzi 32,768. Miale ikija, vigae hutupa kivuli, na kompyuta hukisoma kivuli hicho na kukokotoa ilikotoka.

Lakini kompyuta hiyo inajuaje kwamba kuna mlipuko? Njia yake kubwa ni kulinganisha: sasa hivi miale ni mingapi, na sekunde chache zilizopita ilikuwa mingapi? Fikiria jenereta ya jirani. Ikiunguruma ghafla usiku utashtuka. Ikiwa inaongeza sauti kidogo kidogo kuanzia jioni, utafika wakati wa kulala hujaitambua, kwa maana masikio yamekwisha kuizoea. Mlipuko unaopanda polepole na kukaa saa nyingi hujificha hivyo hivyo.

Pili ni mwendo wa setilaiti zenyewe. Swift na Fermi huzunguka karibu na dunia, mzunguko mmoja kwa kama dakika 95. Kama askari wa zamu anayezunguka nyumba, akiwa nyuma jikoni halioni lango. Dunia huziba sehemu kubwa ya anga kila wakati, na mlipuko wa saa saba hufika kwetu umekatwakatwa vipande. Kisha kuna eneo la juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazil, lenye mnururisho mkali unaovuruga vifaa, hata vikalazimika kunyamazishwa setilaiti inapopita hapo. Ndiyo maana Julai 2 Fermi ilidhani imeona vitu vitatu.

Askari asiyezunguka yuko mmoja, na ni mkongwe. Chombo cha Marekani kiitwacho Wind kilirushwa Novemba 1994 na kikaja kutuama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Ndani yake kimo kifaa cha Warusi kiitwacho Konus, ambacho kutoka huko mbali huona anga yote mchana na usiku bila dunia kukiziba. Rekodi zake ndizo zilizosaidia kuunganisha vipande vya mlipuko wa 2025 vikawa hadithi moja. Wakubwa wa nchi hizo mbili wamekosana mara ngapi tangu 1994, na kifaa hicho kimo tu ndani ya chombo hicho kikihesabu miale!

Inafaa basi kuuliza kama milipuko mirefu ni adimu kweli, au ni macho yetu yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vya haraka.

KRISMASI ILIYOWACHANGANYA

Mlipuko wa 2025 haukuwa wa kwanza kuvunja desturi. Siku ya Krismasi mwaka wa 2010 Swift ilinasa mmoja uliokaa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2011, jarida la Nature lilichapisha maelezo mawili kwa pamoja. Kundi moja lilisema kitu kama nyotamkia kiliangukia nyota ya nyutroni hapa hapa katika galaksi yetu, ule mkusanyiko wa nyota tunaouona kama ukungu mweupe usiku mahali pasipo na stima. Kundi la pili lilisema hapana, ni nyota ya nyutroni iliyoungana na nyota ya heliamu mbali sana, mabilioni ya miaka ya mwendo wa mwanga. Mmoja anasema ni mtaa wa pili, mwingine anasema ni ng'ambo ya bahari, na wote wana vipimo mkononi! Baadaye Andrew Levan na wenzake waliipima galaksi iliyokuwa mwenyeji wa mlipuko huo wakakuta iko mbali hata kuliko kundi la pili lilivyodhani.

Machi 28, 2011 Swift iliona kingine kilichowasha kengele mara kwa mara, katika kundi la nyota la Joka. Hicho kiliendelea kutoa eksirei mwaka mzima na zaidi. Ilibainika ni shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi ya mbali, lililoirarua nyota iliyosogea karibu mno. Desemba 9 mwaka huo huo ukaja mlipuko ulioendelea kwa saa kadhaa, na mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kwamba nyuma yake walikuta supernova, yaani nyota iliyolipuka, tena yenye mng'ao usio wa kawaida. Walidhani mlipuko huo uliendeshwa na nyota ya nyutroni yenye sumaku kali mno, inayozunguka kama pia.

Kwa hivyo "mrefu kupita kiasi" si jina la ugonjwa mmoja. Ni kama kusema mtoto ana homa.

UMBALI WA GRB 250702B

Vitambuzi vya Fermi huonyesha tu mtaa, si nyumba. Kwa bahati darubini ya eksirei ya Swift iliweza kuonyesha mlango wenyewe, na makosa ya Krismasi yalikaribia kurudiwa. Mahali pale ni karibu kabisa na ule ukanda mweupe wa galaksi yetu, penye nyota na vumbi tele, kwa hivyo wengi walidhani kitu hicho ni chetu. Darubini kubwa ya Wazungu iliyoko Chile, iitwayo VLT, ikatazama kwa mwanga wa infraredi unaopenya vumbi, ikaona dalili ya galaksi nyingine nyuma ya pazia. Darubini ya Hubble ikathibitisha. Hatimaye ile ya James Webb ilipima umbali: mwanga huo ulikuwa umesafiri kwa kama miaka bilioni 8. Ulipoanza safari, dunia yetu haikuwapo, wala jua.

Kitu kinachoonekana wazi kutoka umbali huo, kwa muda wa saa saba, ni kitu chenye nguvu zisizoelezeka kirahisi.

Kuna wanaodhani kwamba shimo jeusi dogo lilikuwa linazunguka na nyota pacha ambayo tabaka zake za nje zilikuwa zimeambuliwa ikabaki heliamu. Nyota hiyo ilipovimba uzeeni ililimeza shimo hilo. Mgeni akaanza kumla mwenyeji kutoka tumboni, kidogo kidogo, na mlo ukachukua saa nyingi. Watafiti waliochambua miale ya gama wanaelekea huko, na naona ndiyo hadithi inayoeleza vizuri zaidi urefu wa mlo. Wengine wanasema ni shimo jeusi la ukubwa wa kati, zito mara maelfu kuliko jua, lililoirarua nyota kibete nyeupe. Hili likithibitishwa litakuwa jambo kubwa, kwa sababu mashimo madogo na makubwa mno yanajulikana vizuri lakini haya ya kati yamekuwa adimu kama kuku mwenye meno. Maelezo hayo ya pili yana faida moja: yanaweza kueleza kwa nini eksirei zilianza karibu siku nzima kabla ya gama.

Shahidi ambaye angeamua kesi hii ni supernova. Webb haikuiona ile ya kung'aa waliyoitafuta, lakini galaksi ile imejaa vumbi zito kiasi kwamba kutoionekana si ushahidi kuwa haikuwapo. Kilichobaki ni kungoja mwingine wa aina hiyo, mahali penye vumbi kidogo, huku mitambo ikiwa macho.

Na mitambo nayo inazeeka. Swift ilianza kazi ikiwa kama kilomita 600 juu yetu, lakini haina injini ya kujiinua. Miaka ya karibuni jua lilipochachamaa, hewa nyembamba ya huko juu ilivimba ikawa inaivuta chini upesi kuliko ilivyotazamiwa. Septemba 2025, miezi miwili tu baada ya kuonyesha mahali pa mlipuko huo mrefu, shirika la NASA lilitoa kandarasi ya dola milioni 30 kwa kampuni ya Katalyst ya Marekani. Kazi yake ni kupeleka chombo kidogo, bila mtu ndani, kiishike setilaiti hiyo na kuisukuma juu tena, mpango ukiwa ni mwaka wa 2026. Swift haikutengenezwa kwa kushikwa na yeyote. Haina hata mkono wa kushikia.